Sumu ya Muhogo na Kiberiti cha Mwilini

Mama msomaji, na wewe baba unayetoa fedha ya unga, habari hii inahusu sufuria yenu ya bukari. Hapa Karavia, kama katika Lubumbashi yote, bukari tunayoipenda ni ile nyeupe ya mahindi. Wazee wetu waliizoea katika posho ya Union Minière, na watoto wao hawakuiacha. Lakini mahindi mengi ya mji huu hutoka Zambia kwa njia ya Kasumbalesa. Mpaka ukifungwa, au mvua ikikataa kule, bei hupanda hapa. Mwaka 2024 ukame ulikausha mashamba ya Zambia hata serikali yake ikatangaza kuwa ni msiba wa taifa. Siku kama hizo mama hufanya nini? Huchanganya. Kikombe cha mahindi, kikombe cha muhogo. Kisha kimoja kwa viwili. Kisha muhogo mtupu. Hafanyi kosa, maana anawalisha watu wake. Ila imempasa kuujua muhogo anaoununua, umetoka wapi na umelala majini siku ngapi.

Muhogo si mwenyeji wa Afrika. Wareno waliuleta kutoka Brazil katika karne ya 16, nao ukapendwa, kwa sababu huvumilia jua, haudai udongo mnono, na hungoja ardhini mpaka siku ya njaa. Sisi hatuusemi vibaya. Lakini mmea huu hauna miiba, na Muumba ameupa silaha nyingine, nayo ni sumu. Upo muhogo mtamu wenye sumu kidogo, na upo muhogo mchungu wenye sumu nyingi. Wakulima wengi huupenda ule mchungu, tena wana sababu: panya, nguruwe na wezi hawausumbui shambani. Na jua likipiga muda mrefu bila mvua, muhogo huongeza sumu yake. Kwa hiyo mwaka wa njaa una hatari mara mbili. Muhogo ni mkali zaidi, na watu hawana kitu kingine cha kula.

Sumu hiyo inaitwa sianidi. Katika muhogo mbichi haikai wazi. Imefungwa ndani ya kitu kinachoitwa linamarini, kama panga ndani ya ala. Na katika chumba kingine cha mmea uleule kuna kimeng'enya, yaani mfanyakazi mdogo wa kuvunja. Muhogo ukipondwa, au ukilainika majini, kuta za vyumba hivi hubomoka; mfanyakazi hukutana na linamarini, na panga hutoka alani. Jambo hili likitokea katika beseni au juu ya mkeka ni jema, kwa kuwa sianidi hugeuka hewa na kwenda zake. Lakini linamarini iliyobaki nzima katika unga humezwa, na vijidudu vya utumbo huivunja huko ndani, mahali ambapo hewa hiyo haina mlango wa kutokea.

Wengi hudhani kwamba moto humaliza kila kitu. Kwa muhogo mchungu sivyo. Maji yanayochemka humuua yule mfanyakazi kabla hajamaliza kazi yake, wala linamarini yenyewe haiogopi moto wa jikoni. Hubaki katika sufuria na kuingia katika sahani. Mama anayesema, "Nimeupika sana, hauna neno," hajasema kitu bado. Tumwulize kwanza aliulowekaje.

Mwili unavyojilinda

Mwili haukuachwa bila ulinzi. Mtu mzima mwenye chakula cha kutosha hula sumu hii kidogo kidogo na haoni lolote. Ulinzi huo unatoka wapi? Unatoka katika kitoweo.

Nyama, samaki, mayai, maziwa, maharage na karanga vina kitu kinachoitwa protini. Tumboni protini hukatwakatwa kuwa vipande vidogo vinavyoitwa asidi amino. Viko vya namna 20, na mwili huvitumia kama mwashi atumiavyo matofali, kujenga nyama, damu, ngozi na nywele. Katika namna hizo 20, mbili zina kiberiti ndani yake. Tunasema kiberiti kile cha madini, kinachotajwa katika habari za Sodoma, si njiti za kuwashia moto. Majina yake ni methionini na sisteini. Methionini mwili hauwezi kuitengeneza, lazima iliwe. Sisteini mwili huweza kuifanya kutokana na methionini.

Sasa tazama kazi yake. Sisteini inapovunjwa mwilini, kiberiti chake hupitishwa kutoka mkono hadi mkono, na sehemu yake hukaa tayari katika kitu kinachoitwa thiosulfati. Katika ini yupo mfanyakazi mwingine, kimeng'enya kiitwacho rodanezi. Sianidi ikipita katika damu, rodanezi huchukua kiberiti na kuifunga nacho. Ikiisha kufungwa, si sianidi tena. Imekuwa thiosianati, kitu chenye ukali mdogo sana, na figo huitoa katika mkojo. Ndiyo maana waganga wakitaka kujua kijiji fulani kinakula sumu kiasi gani, hupima thiosianati katika mkojo wa watoto wa shule. Na mtu aliyenyweshwa sianidi kwa ajali, moja ya dawa anazopewa hospitalini ni hiyohiyo thiosulfati kwa sindano. Yaani hutiwa kiberiti upesi ili ini lake lipate cha kufungia.

Lakini kama kiberiti hakipo? Mnakumbuka jinsi Farao alivyowadai Waisraeli hesabu ileile ya matofali, na huku amewanyima majani makavu. Ndivyo unavyoteswa mwili wa mtoto anayekula bukari ya muhogo asubuhi na jioni bila samaki, bila yai, bila hata harage. Sianidi inakuja kila siku na kudai kufungwa, wala kamba haiko, kwa sababu muhogo wenyewe una protini kidogo mno, na katika hiyo kidogo kiberiti ni haba. Tena methionini ile ile inahitajiwa na mtoto ili akue. Ini likiitumia kufungia sumu, mifupa na nyama zinakosa. Na sianidi isiyofungwa hushika njia nyingine: sehemu yake hugeuka sianati, ambayo wataalamu wanaishuku kwamba huumiza mishipa ya fahamu.

Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme wana wa manabii walilia kwamba mna mauti katika sufuria, na Elisha akatia unga ndani, chakula kikapona. Kwetu mambo yamegeuka. Unga wenyewe ndio wenye shaka, na kitoweo ndicho kinachosaidia kuuponya.

Ugonjwa wa miguu iliyofungwa

Mwaka 1938 mganga mmoja Mwitalia, Giovanni Trolli, alichapisha habari za ugonjwa ulioonekana Kwango, katika nchi hii yetu. Watu wa huko, Wayaka, waliuita konzo, neno lenye maana ya miguu iliyofungwa. Jina hilo linatosha kuueleza. Mtu ambaye jana alikuwa mzima, leo miguu yake miwili inakakamaa pamoja, sawasawa kulia na kushoto. Wakati mwingine ni baada ya mwendo mrefu. Hana homa. Haumwi mgongo. Baada ya siku chache ugonjwa umefika mwisho wake: hauzidi tena, lakini pia hauondoki. Aliyeguswa kidogo hutembea kwa vidole vya miguu, magoti yakigongana. Aliyeguswa sana hutembelea fimbo mbili, au hutambaa. Wengine hupata shida ya kusema na ya kuona.

Konzo hushika zaidi watoto waliokwisha kuachishwa ziwa na wanawake walio katika umri wa kuzaa, na wanaume wachache. Watoto wachanga wanaonyonya karibu hawaonekani nao. Mnaelewa sababu: baba hupewa kipande cha samaki kwanza, mtoto wa ziwa ana maziwa ya mama, na walio katikati hubaki na bukari na mchuzi. Neno hili si la kemia tena, ni la desturi za mezani, na mzee wa kanisa anaweza kulirekebisha nyumbani kwake leo jioni bila kumwuliza daktari.

Sikieni jinsi konzo inavyoingia katika nchi. Katika Bandundu, miaka ya 1980, barabara ya kwenda Kinshasa ilikuwa imetengenezwa vizuri, na malori yakaja kununua muhogo. Hilo lilikuwa jambo la furaha. Wanawake walikuwa na desturi ya kuuloweka muhogo siku tatu, lakini mnunuzi anangoja, na fedha inahitajiwa. Wakaanza kuutoa baada ya siku moja. Muhogo wa siku moja ulikaushwa, ukatwangwa, nao ni mweupe na mzuri machoni. Mganga Thorkild Tylleskär na wenzake walipochunguza vijiji hivyo, waliona konzo imefuata mahali ambapo siku za kuloweka zimepunguzwa. Hakuna aliyekusudia mabaya. Siku mbili tu zilikatwa.

Mahali pengine iliingia kwa ukame. Nampula, katika Msumbiji, mwaka 1981, zaidi ya watu 1,000 walipooza miguu, wengi wao wanawake na watoto; mganga Mswedi Hans Rosling alikuwa kazini huko Nacala wakati ule, akasaidia kutambua kwamba sababu ni muhogo mchungu uliotengenezwa kwa haraka ya njaa. Tarime, katika Tanzania, iliona jambo lilelile mwaka 1985. Na mahali pengine iliingia kwa vita. Burhinyi ni nchi ya milima katika Kivu ya Kusini, ambako wazee hawakujua konzo. Taarifa iliyochapishwa mwaka 2011 ilieleza wagonjwa wake. Watu wanaokimbia hawana nafasi ya kungoja beseni siku tatu, na mifugo yao imekwisha kuporwa.

Hatusemi kwamba konzo imejaa Karavia. Mji wenye soko la samaki na maharage unalindwa kidogo. Lakini yule atakayekula muhogo mtupu mwezi mzima katika mji ana ini lilelile kama mtu wa Kwango.

Tena imetupasa kusema wazi juu ya uchawi. Ugonjwa unaokuja kwa usiku mmoja, na kumwacha jirani, hufanya watu watafute adui. Bibi mzee hutazamwa vibaya, mke wa pili hufukuzwa. Ndugu, usikubali maneno hayo katika nyumba yako. Konzo huchagua sufuria, haichagui jina. Ikiwa watoto wawili wa mama mmoja wamepatwa, ni kwa sababu wamekula sahani moja. Wala haiambukizi, mgonjwa na akae na wenzake, ale nao, alale nao.

Kuna jambo jingine lililotusumbua zaidi kuliko fimbo na mikongojo. Mwaka 2013 Michael Boivin, pamoja na Desiré Tshala-Katumbay, mganga wa mishipa ya fahamu aliye mwana wa Kongo, walichapisha habari za watoto wa Kahemba. Waliwapima akili na kazi za mikono. Watoto wenye konzo walishindwa zaidi, na hilo lilitazamiwa. Lakini hata wenzao wa kijijini wanaotembea vizuri, waliokula muhogo uleule, walikuwa nyuma ya watoto wa mahali ambapo konzo haipo. Mzazi anayesema, "Wangu anakimbia, hana kitu," na alifikiri hilo.

Rovu la shingo

Thiosianati nayo, ingawa ukali wake ni mdogo, ina hila yake. Inafanana na iodini, ile inayotiwa katika chumvi, na katika tezi ya shingo hushindana nayo mlangoni. Kama iodini ni nyingi, hakuna shida. Kama ni haba, tezi hukosa, nayo huvimba ikijaribu kukamata kidogo kilichopo. Huo uvimbe ni rovu. Katika kisiwa cha Idjwi, ziwa Kivu, François Delange na wenzake waliona miaka ya 1960 kwamba iodini ilikuwa haba kisiwa kizima, lakini rovu lilijaa kaskazini na lilikuwa dogo kusini-magharibi. Baadaye muhogo ulionekana kuwa sehemu ya sababu. Mama mwenye mimba anayekosa iodini aweza kuzaa mtoto mzito wa akili na mfupi wa kimo. Kwa hiyo nunua chumvi yenye iodini, uiweke katika chombo chenye kifuniko, na uitie mwishoni mwa kupika.

Kazi ya mikono yako

Ukiwa na muhogo wako mwenyewe, menya maganda yote, kwa kuwa sumu nyingi iko humo. Uloweke majini siku tatu kamili. Hapa kwetu miezi ya Juni na Julai ni ya baridi, na maji ya baridi hufanya kazi polepole. Wakati huo ongeza siku moja au mbili. Usihesabu siku tu, bonyeza. Muhogo uliokwisha hukubali kidole hadi moyoni na nyuzi zake hutoka kwa urahisi. Ukiwa mgumu katikati, haujaiva majini. Maji yake yamwage, usipikie wala usinyweshe mbuzi. Kisha uvunjevunje na kuanika juani mpaka ukauke kabisa.

Lakini wengi wetu tunanunua unga katika soko la Kenya au la Mzee, wala hatujui ulilala majini siku ngapi. Kwa unga huo iko njia ambayo Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia aliitengeneza, nayo haina gharama. Mimina unga mkavu katika beseni, usawazishe, na uchore alama ndani ya beseni mahali unga ulipofikia. Tia maji kidogo kidogo ukikoroga. Kwanza unga utashuka. Endelea kutia maji mpaka urudi kwenye alama. Sasa utandaze juu ya mkeka safi, mwembamba, usizidi unene wa kidole. Uache juani saa mbili, au kivulini saa tano. Yule mfanyakazi wa kuvunja bado yumo katika unga, maji humwamsha, na sumu huondoka kama hewa. Upike bukari siku ileile, maana unga uliolowa haukai. Jean-Pierre Banea na wenzake walifundisha njia hii kwa akina mama wa Kay Kalenge, katika eneo la Popokabaka, tangu 2010. Muda waliofuatilia kijiji hicho hakikupata mgonjwa mpya, na thiosianati katika mkojo wa watoto ilipungua. Wengine watalalamika kwamba ni kazi juu ya kazi. Ni kweli. Baba na mabinti wanaweza kushika mkeka.

Sombe ina sumu nyingi kabla haijapondwa, lakini pia ina protini nzuri. Iponde sana, hata pasionekane kipande cha jani, uiache kidogo, kisha uichemshe muda mrefu bila kifuniko, na mlango wa jiko uwe wazi.

Juu ya kitoweo, hatutaki kusema maneno ya watu wenye mshahara. Kumwambia mjane ale nyama ni kumdhihaki. Lakini konzi moja ya dagaa au kapenta, iliyosagwa na kutiwa katika sombe ya nyumba nzima, ina methionini. Yai moja likigawanywa kwa watoto wawili, ina. Viwavi vya miombo, ambavyo vijana wa mji wameanza kuona haya kuvila, vinayo. Mbegu za maboga zilizokaangwa na kutwangwa zinayo, nazo hutupwa bure katika nyua nyingi. Maharage yana kidogo, lakini yakiliwa pamoja na mahindi yanasaidiana vema, kwa hiyo usiache kuchanganya mahindi hata kikombe kimoja. Na sahani ya kwanza ya kitoweo iwe ya mtoto na ya mama mwenye mimba.

Kama mtu amekula muhogo na baada ya saa chache kichwa kinamwuma, anaona kizunguzungu, anatapika na tumbo linamsokota, usingoje asubuhi. Mlete hospitali, na useme mapema kwamba alikula muhogo, na wa namna gani. Neno hilo moja humwokolea mganga muda mwingi.

Kama miguu imekwisha kukakamaa, mlete vilevile, kwa kuwa yako magonjwa mengine ya uti wa mgongo yanayofanana na konzo na yenye dawa, kama kifua kikuu cha mifupa. Ikiwa ni konzo, hakuna sindano ya kuiondoa. Anayekuuzia sindano hiyo anakuibia. Usimchanje wala usimchome miguu. Mnyooshe nyayo na magoti asubuhi na jioni, polepole, bila kumliza, ili mishipa ya kisigino isifupike. Ikifupika sana, daktari mpasuaji anaweza kuirefusha kwa wengine. Mbadilishie chakula mara moja, maana akiendelea na muhogo uleule anaweza kupatwa mara ya pili na kuwa mbaya zaidi. Mikongojo anaweza kuichonga fundi yeyote wa mbao: ifike vidole viwili chini ya kwapa, mshikio uwe kwenye kimo cha kifundo cha mkono akiwa amesimama, mwisho wake ufungwe mpira wa gurudumu usiteleze, na ipimwe upya kila miezi sita kwa mtoto anayekua.